NYUMBA MPYA KATIKA MTAA WA KALE: UPEPO NI WA WATU WOTE

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Aghalabu msemo huu hutumiwa katika mambo ya ndoa na usuhuba, lakini leo tutautumia katika jambo la ujenzi, kwani ndipo unapotufaa sana sisi watu wa bara ya Mombasa. Huku Kisauni, na ng'ambo ya pili Likoni, na kule Changamwe, mitaa yabadilika mbele ya macho yetu. Nyumba ya udongo huvunjwa, na pahala pake pakasimama jengo la simiti lenye vioo vipana na bati tupu, au ghorofa nne zilizopandana. Mwenye kujenga hupongezwa, na ni haki yake kupongezwa, kwani kujenga ni neema. Lakini ikishafika miezi ya kaskazi, hari ikapindukia nyuzi 32, watu wa nyumba ile mpya hugaagaa usiku kucha, panka zikizunguka, na mwisho wa mwezi fedha za umeme hushindana na fedha za unga.

Swali letu la leo ni jepesi kulisema na zito kulijibu. Mtu anayetaka kujenga nyumba mpya katika mtaa wa kale, nyumba ya kisasa yenye maji, taa na choo cha ndani, aijengeje ili iwe baridi bila ya kula umeme mwingi, na tena isimwondolee jirani baridi aliyokuwa nayo? Kwa maoni yangu, nyumba ya baridi haijengwi na mtu mmoja. Hujengwa na mtaa. Kwani upepo haununuliwi pamoja na kiwanja. Hupita kwa jirani kwanza ndipo ukufikie wewe, na ukishakufikia wapaswa kuupisha umfikie wa tatu.

MITAA HII SI YA JANA

Asidhani mtu kuwa ukale wa Mombasa waishia kwenye vichochoro vya Mji wa Kale na kuta za Ngome. Kongowea, ambalo leo ni jina la mtaa na soko kubwa bara ya kaskazini, ni moja katika majina ya kale ya Mombasa yenyewe. Wajomvu wa Jomvu Kuu wahesabiwa katika Tisa Taifa, nao Wachangamwe katika Thelatha Taifa; na hizo kwa jumla ndizo Thenashara Taifa, Waswahili wa Mombasa. Kengeleni, pale Kisauni, imepata jina kwa kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, yakaitwa kwa jina la Mwingereza Sir Bartle Frere. Kila mtaa una kisa chake na makaburi yake.

Juu ya ukale huo yalikuja mambo mapya. Daraja la Nyali la kuelea lilifunguliwa mwaka 1931, na hili la saruji likafuata mwaka 1980, Kisauni ikawa jirani ya kisiwa. Changamwe ilipata reli na viwanda, kikiwamo kile cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Wafanyakazi walikuja kwa maelfu, wakataka vyumba vya kupanga, na wenyeji wakawajengea kwa namna waliyoijua.

Kisha pana jambo la ardhi, na hili ndilo lililoipa mitaa yetu sura yake. Kwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, watu wa mwambao walitakiwa wadai ardhi zao na wazithibitishe. Wengi hawakudai, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Nyingine iliandikwa kwa majina ya wachache. Ndipo tukawa na jambo ambalo mgeni hulishangaa akilisikia: nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine, nawe humlipa kodi ya ardhi. Mwenye ardhi aghalabu hakupenda mpangaji wake ajenge kwa mawe, asije akaota mizizi. Basi watu walijenga kwa udongo na makuti, si kwa sababu hawakujua mawe, bali kwa sababu hawakuwa na amani ya kuyajenga.

NYUMBA YA VYUMBA SITA

Nyumba hiyo twaijua sote. Mbele pana baraza, kisha mlango mkuu, kisha ukumbi ulionyooka kutoka mbele mpaka nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Ukumbi hutokea uani, na uani ndiko kuliko na jiko, choo, kamba za kuanikia nguo na kivuli cha mti. Viambaza ni vya fito zilizokandikwa udongo, na paa ni la makuti lenye mteremko mkali.

Mtu akiitazama kwa haraka ataiona ni nyumba ya kimaskini. Akiitazama kwa makini ataona kila kiungo chake kina kazi katika kuipoza. Ukumbi ule ulionyooka ni njia ya upepo: mlango wa mbele na wa uani ukiwa wazi, upepo huingia kwa huku ukatokea kwa kule. Viambaza vya vyumba vingi havikufika paani, na hewa ya moto, ambayo tabia yake ni kupanda, hupata pa kwendea ikatokea katikati ya makuti. Upenu uliotokeza hufunika kuta kwa kivuli, na ndio uliofanya baraza iwe pahala pa kukaa adhuhuri. Jiko liko uani ili moto na moshi usiingie vyumbani. Hapana hata kimoja katika hivyo kinacholipiwa umeme.

Nyumba ya mawe ya mji nayo ina hekima yake. Kuta zake, za mawe ya matumbawe na chokaa, hufika unene wa nusu mita. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi ndani yake, na hewa iliyomo humo huzuia hari isipite upesi. Jua la mchana hufika ndani limekwisha kuchoka. Vyumba ni vyembamba, kwa kuwa urefu wa boriti za mikoko ndio uliokata shauri la upana, aghalabu mita 2 na nusu au 3. Na dari ni ndefu, hewa ya moto ikakaa juu ya vichwa vya watu.

Lakini tusizisifu nyumba hizi kupita kiasi. Ukuta mnene unaochelewa kupata moto mchana huchelewa pia kupoa usiku. Makuti huvuja, huoza, hushika moto, na kila baada ya miaka michache hudai kuezekwa upya. Udongo huliwa na mchwa na kuoshwa na mvua ya masika. Wazee waliyajua hayo, na wenye uwezo wakachanganya: chini mawe kwa ajili ya mchana, na juu ya dari kipaa cha makuti kilicho wazi ubavuni kwa ajili ya usiku. Mpaka leo mwenye kwenda Lamu huviona vipaa hivyo juu ya nyumba za mawe.

LILILOHARIBIKA

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tuingie basi katika nyumba mpya. Paa ni bati lisilo na dari chini yake, na saa saba mchana huwa kama kikaango. Au ni zege bapa, ambalo hulinywa jua mchana kutwa likawarudishia watu wakiwa vitandani. Madirisha ni vioo vya kusukuma ambavyo, hata vikifunguliwa, nusu yake hubaki imeziba. Chumba kina dirisha moja tu. Na dirisha moja halivuti upepo, kwani upepo ni kama mgeni wa heshima: haingii nyumba isiyo na mlango wa kutokea.

Hayo ni madhara ya mwenye nyumba mwenyewe. Yako na ya jirani. Ghorofa nne zikisimama upande wa kusi wa nyumba ya chini, ile ya chini hukosa upepo miezi yote ya kusi. Tena madirisha ya ghorofa huchungulia uwa. Uwa ule ndio uliokuwa ukumbi wa wanawake: hapo walipika, walisuka makuti na ukili, walikaa jioni wakizungumza bila ya buibui. Siku ghorofa ilipoota, uwa ulikufa. Mama na binti zake waliingia ndani, wakafunga dirisha kwa pazia zito ili wajisitiri, na wakawasha panka kutwa nzima. Wataalamu huzungumza juu ya umeme kana kwamba ni hesabu ya waya na mita peke yake. Katika mitaa yetu, ndugu msomaji, umeme ni hesabu ya stara pia. Ukimwondolea mtu stara ya uani, umemuuzia panka.

Na mwenye uwezo akitia kiyoyozi, yaani mashine ya kupoza hewa, mambo huzidi. Mashine ile haiuui moto. Huutoa chumbani ikautupa nje, na nje ni kichochoroni mwa jirani, chini ya dirisha lake.

JUA NA PEPO

Sasa tuseme vipi ijengwe. Kabla ya fundi kuchimba msingi, mwenye nyumba na asimame kiwanjani ajiulize maswali mawili: jua lapita wapi, na upepo watoka wapi?

Mombasa iko kiasi cha nyuzi 4 kusini ya ikweta. Maana yake ni kwamba adhuhuri jua liko karibu na utosi mwaka mzima: mwezi wa Juni limeelemea kaskazini, mwezi wa Disemba limeelemea kusini. Kuta zinazotazama kaskazini na kusini basi ni rahisi kuzifunika, kwa kuwa jua lazijia kutoka juu. Upenu uliotokeza mita 1 hutupa kivuli cha karibu mita 2 ukutani adhuhuri ya Juni, na zaidi ya hivyo adhuhuri ya Disemba. Kuta za mashariki na magharibi ndizo za taabu, kwani jua la asubuhi na la alasiri huzipiga kwa ubavu, chini ya upenu. Kwa hivyo nyumba na ilale, urefu wake uende mashariki na magharibi, na pande zake fupi ndizo zipokee jua la ubavu. Upande wa magharibi usiwekwe chumba cha kulala. Wekwa stoo, ngazi au choo, viwe ngao.

Pepo nazo mabaharia wetu walizijua kabla ya ramani. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kiasi cha Disemba mpaka Machi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki kuanzia masika. Na katikati kuna matlai ya mashariki. Bahati njema ni kwamba nyumba iliyolala kama tulivyosema, huku ubavu wake mmoja ukielekea kusi na wa pili kaskazi, hupatana na jua na upepo kwa pamoja. Kila chumba kiwe na matundu mawili yanayotazamana au kukaribia kutazamana: la kuingilia upepo liwe chini, usawa wa mtu aliyekaa au kulala, na la kutokea liwe juu karibu na dari. Madirisha ya mbao zenye mianya, kama yale ya Mji wa Kale, huingiza hewa na kuzuia macho. Yana wavu wa mbu ndani, basi hulala yakiwa wazi. Juu ya milango ya vyumba na iachwe nafasi ya matundu, kama viambaza vya zamani visivyofika paani.

Viwanja vyetu lakini vimekwisha kukatwa, na barabara haikuuliza upepo ilipopita. Aliye na kiwanja kilichokaa vibaya asikate tamaa. Apande mti upande wa magharibi: mwarubaini hauchelewi kukua, mkungu una majani mapana, na mwembe hulisha. Kivuli cha mti ni bora kuliko kivuli cha ukuta, kwani mti haushiki moto wa jua ukaurudisha usiku. Na akumbuke uwa mdogo wa ndani. Hata mita 3 kwa 3 zikiachwa wazi katikati ya nyumba, hewa ya moto hupanda na kutoka, upepo ukavutwa kutoka nje, na wanawake wakapata tena mbingu yao wenyewe isiyo na mchunguzi.

MAWE, CHOKAA NA MABATI

Katika vitu vya kujengea, tusifuate kila la kale kwa kuwa ni la kale. Zamani matumbawe laini yalikatwa baharini yakiwa hai. Leo jambo hilo halifai kabisa. Mwamba ndio nyumba ya samaki na boma la pwani, na maji ya Mombasa yana hifadhi yake ya bahari tangu mwaka 1986. Jiwe lifaalo ni lile la nchi kavu, linalokatwa katika machimbo ya Kilifi na kuletwa kwa malori. Hilo ni jiwe la kwetu, nalo lina vitundu vile vile vya hewa.

Simiti haikwepeki katika msingi na nguzo, lakini ukuta mzima hauhitaji kuzamishwa ndani yake. Kuitengeneza kwahitaji moto mkali sana, na chokaa ya mawe ikiungua hutoa hewa ya kaboni inayozidisha hari ya dunia nzima. Chokaa nayo huchomwa tanuuni, na tanuu la kuni limekula misitu mingi. Lakini ikishapakwa ukutani huvuta tena sehemu ya kaboni ile katika kukauka kwake. Tena chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua ulikotoka. Ndiyo maana wazee walipaka nyumba upya, na wala haikuwa pambo tu. Mwenye kupaka ukuta wake rangi ya kahawia iliyokoza, kwa kuwa ameiona katika kitabu cha picha, ajue amelikaribisha jua ndani.

Boriti za mikoko zilijenga nyumba zetu na za Waarabu wa Ghuba pia. Majahazi yalizibeba kila msimu, mpaka Serikali ilipopiga marufuku kuzipeleka nchi za nje mwaka 1982. Mikoko ya leo yahitaji ruhusa kukatwa, na ndivyo iwavyo vyema. Mbao za mvinje uliopandwa, na mnazi uliokoma kuzaa, zinaweza kuchukua baadhi ya kazi hiyo.

Bati nalo halina budi kwa wengi wetu. Basi na lipakwe rangi nyeupe, liwekewe dari chini yake, na baina ya bati na dari iachwe hewa yenye matundu ya kutokea pande zote mbili. Mahoteli ya pwani hufanya ujanja mwingine: huezeka makuti juu ya mabati. Bati huzuia mvua, makuti huzuia jua. Mgeni wa Ulaya hulala chini yake akasifu baridi ya Afrika, na mwenyeji aliyesuka makuti yale hurudi kwake kulala chini ya bati tupu. Hapo pana fedheha kidogo.

UMEME NA MAJI

Nyumba ikishajengwa hivi, ndipo tuzungumze juu ya umeme, wala si kabla. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, kikifanya kazi kwa nguvu zote, hula kiasi cha wati 1,000. Panka ya darini hula wati 60 au 70. Kwa usiku wa saa 8, hicho cha kwanza hufika yuniti 8 na hiyo ya pili nusu yuniti tu. Panka haishushi hari, lakini hewa ikitembea juu ya ngozi yenye jasho, mwili huona kana kwamba nyuzi 2 au 3 zimeondoka. Katika nyumba inayopumua, panka yatosha. Katika sanduku la kioo haitoshi, na hapo ndipo kiyoyozi hupata kazi.

Jua lenyewe na lifanywe mtumishi. Kila mita mraba ya paa la Mombasa hupokea kwa wastani kiasi cha yuniti 5 za nguvu za jua kwa siku. Vibao vya umeme wa jua havichukui zote, ila sehemu yake tu, lakini vichache vyatosha taa za kisasa za wati 9 au 10, panka, redio na kuchajia simu. Jikoni, jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa sana likilinganishwa na lile la bati tupu.

Na maji pia ni umeme. Maji ya Baricho husukumwa kwa mitambo kutoka mto wa Sabaki mpaka mifereji yetu, kisha sisi huyapandisha kwa pampu mpaka tangi la juu. Mombasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita mraba 100 laweza kukusanya lita 80,000 kwa mwaka, hata tukitoa zinazopotea. Wazee walikuwa na birika misikitini na majumbani. Birika chini ya uwa haionekani, haichukui nafasi, na hupoza sakafu iliyo juu yake.

HAKI YA JIRANI

Kuna mlango wa elimu ambao mafundi wetu hawakuufungua siku nyingi. Wanavyuoni wa Kiislamu waliandika sana juu ya majengo na majirani. Katika karne ya 14 aliishi Tunis fundi mkuu wa ujenzi, Ibn al-Rami, aliyekuwa akitumwa na kadhi kwenda kukagua magomvi ya kuta na madirisha, naye akayakusanya yote katika kitabu: mlango unaotazamana na mlango wa mwingine, moshi wa tanuri, maji ya paa, dirisha linalochungulia uwa. Kuchungulia kulihesabiwa kuwa ni dhara. Katika jua na upepo wenyewe wanavyuoni walikhitilafiana; lakini kwamba mtu hana ruhusa ya kumdhuru jirani yake kwa makusudi, hilo halina mjadala, na kila mtoto aliyepita chuoni alifundishwa.

Basi mwenye kujenga ghorofa Kisauni au Likoni, kabla ya kuupeleka mchoro wake kwa Serikali ya Kaunti, na aupeleke kwa jirani. Akae naye barazani autandaze. Waulizane: uwa wako uko wapi? Kusi yako yapita wapi? Mara nyingi dawa ni ndogo. Madirisha yanayoelekea uwa wa mwenzako yapandishwe juu ya kimo cha mtu, yaingize hewa wala yasiingize macho. Ngazi na vyoo viwekwe upande huo. Roshani iwe na mbao za kusitiri, kama za Mji wa Kale. Ghorofa ya juu irudi nyuma kidogo, na baina ya nyumba na nyumba iachwe njia ya upepo isiyozibwa kwa kibanda cha kukodisha. Mwenye jengo hapotezi ila hatua chache. Jirani hupata miezi mingi ya kusi.

Sheria peke yake haitatosha. Lamu ilipata mpango wake wa hifadhi mwaka 1986, na mwaka 2001 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia; Mji wa Kale wa Mombasa nao una ofisi yake ya hifadhi. Lakini nyumba ya vyumba sita ya Likoni au Changamwe haimo katika mipaka hiyo. Mlinzi wake ni mwenyewe na jirani yake.

Tena tusimlazimishe mtu kwa jina la urithi. Hassan Fathy, mjenzi mashuhuri wa Misri, alijenga kuanzia miaka ya 1940 kijiji kizuri cha udongo kiitwacho Gourna Mpya, karibu na Luxor, chenye kuta nene na minara ya kuvuta upepo. Ulimwengu umemsifu, na mwaka 1980 alitunukiwa kwa kazi zake. Lakini wale aliowajengea, wengi wao walikataa kuhamia. Mtu hataki nyumba njema aliyochaguliwa, ataka aliyoichagua. Dubai nako minara ya upepo ilipoza nyumba kabla ya mafuta, na vilipoingia viyoyozi mtaa wa Bastakiya ulikaribia kubomolewa wote, hata sehemu iliyobaki ikaokolewa. Jamaa zetu walioko huko hurudi na michoro ya nyumba za vioo. Wasisahau kwamba nyumba zile huendeshwa na mashine usiku na mchana, na mashine hulipiwa.

KWA ASIYE NA ARDHI

Wasemaje lakini kwa yule wa nyumba bila ardhi, ambaye hana hati na huenda akaambiwa ahame? Huyu hawezi kutupa akiba yake katika kuta za mawe. Lakini na yeye haki ya baridi anayo. Ainue msingi kwa mawe machache ili mvua na mchwa visiufikie udongo. Ashindilie matofali ya udongo kwa mashine ya mkono, na simiti kiasi cha 5 mpaka 8 kwa mia. Hayachomwi, basi hayali kuni. Akumbuke tu kuupima udongo kwanza, kwani wa Changamwe si kama mchanga wa Likoni. Aurefushe upenu, aunyooshe ukumbi, alipake bati chokaa, apande mwarubaini. Paa, milango na madirisha yaungwe kwa namna ya kufunguliwa, ili siku ya kuhama ahame navyo. Na wenye ardhi wanaomcha Mungu wawape wapangaji wao mikataba ya miaka mingi, kwani mtu asiyejua kesho yake hajengi kwa ajili ya kesho.

Nyumba ya vyumba sita haitarudi kama ilivyokuwa, wala si lazima irudi. Watoto wamezidi, ardhi imepungua, na ghorofa zitajengwa. Linalotakiwa ni kwamba ndani ya ghorofa hizo uwemo ukumbi wa upepo, uwe uwa wenye stara, iwe baraza ambapo jirani akipita hukaribishwa. Anayenuia kujenga mwaka huu basi na asimame kiwanjani mwake siku mbili: moja wakati wa kaskazi na moja wakati wa kusi, alasiri, bila ya fundi na bila ya mchoro. Atauhisi upepo watoka wapi. Kisha ageuke nyuma atazame nyumba iliyo baada yake, ajue ni nani aungojeaye.